Maji Mlangoni: Usiku Mmoja wa Msafiri Mvita



Wasomaji wetu watukufu, likizo za shule zimewadia, na kila likizo huja na misafara yake. Mabegi yanafungwa, watoto wanagombania kiti cha dirishani, na akina mama wanakaanga mahamri ya njiani tangu usiku. Wengi wetu tunapoipanga safari ya familia hufikiria mwisho wake: arusi ya Malindi, hitima ya Lamu, ndugu walioko Tanga. Kituo cha katikati tunakichukulia kuwa ni mahali pa kujaza mafuta ya gari na kunyoosha miguu. Wiki hii tungependa kukizungumzia kituo chenyewe, hasa kituo cha mji mkongwe kama Mombasa, na kuuliza swali moja linalozigusa nyumba nyingi: mji wenye historia unampokeaje msafiri aliye mama, mwenye mtoto mchanga begani na sala inayomngojea?

Swali hili si geni, na jibu lake la kwanza limehifadhiwa na mtu aliyelala Mombasa usiku mmoja tu. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko, alishuka pwani yetu kwa chombo akitoka Mogadishu kuelekea Kilwa. Katika masimulizi ya safari yake aliwaeleza watu wa kisiwa cha Mombasa kuwa ni wafuasi wa Imamu Shafi, wacha Mungu, watu wema na wenye staha. Alisema kuwa kisiwa kilikuwa na ndizi na ndimu, lakini hakikulimwa nafaka, na chakula kililetwa kutoka sehemu nyingine za pwani. Misikiti yao, alisema, ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ufundi madhubuti. Kisha akaeleza jambo ambalo mpita njia mwingine asingelitia maanani: kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, kimoja au viwili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Aliyetaka kuingia aliosha miguu yake kwanza, kisha akaifuta kwenye kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni.

Tazameni, enyi ndugu zetu, kilichobaki katika kumbukumbu ya mgeni yule baada ya miaka mingi ya kuzunguka dunia. Ni maji mlangoni, na mkeka wa kujifutia miguu. Mombasa ya wakati ule ilikwisha kujijengea sifa kwa ndoo na kisima, kabla Mreno hajaleta jiwe lake la kwanza. Hiyo ndiyo historia tunayotaka watoto wetu waione wanapopita, na hiyo ndiyo historia tunayohofia kwamba inatutoka mikononi tukiiangalia.

Safu hii, kama mnavyojua, huandikwa na watu wa pwani ambao riziki imewapandisha bara. Nyumba yetu iko Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika kaunti ya Kajiado. Waislamu ni wachache huku. Majirani zetu wengi ni Wamasai wakristo, watu wa heshima na ujirani mwema. Watoto wetu wamezaliwa na mlima machoni, na bahari wanaisikia katika hadithi za bibi yao. Kwa hiyo tunaposhuka pwani kila mwaka, safari kwao ni kama kurudishwa shuleni, na Mombasa ndilo darasa la kwanza.

Njia tunayoifuata ni ile ya Illasit na Rombo mpaka Taveta, kisha Maktau na Mwatate hadi Voi, na kutoka hapo barabara kuu ya Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 300. Watoto tuliwaeleza kwamba wanaupita upande ule ule waliopita babu zao kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilitoka Mombasa na Pangani ikapumzika Taveta kabla ya kuingia nchi ya Wamasai. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona Mlima Kilimanjaro na kuwaandikia watu wa Ulaya habari za theluji yake, aliyekuwa akimwongoza njia ni Mswahili wa Mombasa aitwaye Bwana Kheri. Mtoto wa Loitokitok anapolijua hilo, huacha kujiona mgeni katika habari za pwani. Mlima wake na kisiwa cha bibi yake vimeunganishwa na nyayo za watu waliosali safarini kama anavyosali yeye.

Na tulitaje la sala, kwa kuwa wasomaji wengi hutuuliza. Wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi wanaruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, pindi safari ni ya halali na ni ndefu, zaidi ya kilomita 80 hivi, na pindi wamekwisha kutoka nje ya mji wao. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Wanaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, ama katika wakati wa ile ya kwanza, ama katika wakati wa ile ya pili, mradi nia ya kuichelewesha iwepo kabla ya wakati wa ile ya kwanza kumalizika. Anayelala Mombasa usiku mmoja au mbili huku akielekea mbele bado ni msafiri. Ruhusa humwondokea akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Na msafiri anayesali nyuma ya imamu anayetimiza, naye atatimiza. Mwenye hali yake mahususi amuulize sheikh wa mtaa wake kabla ya kuondoka, maana barabarani si mahali pa kuanza kutafuta fatwa.

Ruhusa hii ni rehema, lakini haimtoshelezi mama wa familia asipopata maji na mahali pa kusimama. Katika safari yetu ya mwisho tulikuwa wanawake watatu na binti wa miaka tisa, pamoja na wanaume na wavulana. Mkubwa wetu alikuwa mama mkwe, ambaye magoti yake hayampi tena raha ya kuchuchumaa. Adhuhuri ilitukuta katika mji mdogo wa barabarani ambao hatutautaja. Msikiti wake ni mzuri, rangi mpya, mazulia safi, na mabomba yamepangwa safu moja uani. Wanaume wetu waliingia, wakatawadha, wakasali, wakatoka wakiwa baridi nyusoni. Tulipouliza sehemu ya wanawake tuliambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba haipo, na kwamba choo kiko ndani ya ua wa wanaume.

Basi tulitawadha kwa maji ya chupa nyuma ya gari, mmoja akishika leso kuwa pazia. Tukatandika mkeka chini ya mwarobaini, mama mkwe akasali ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sala yetu, inshaAllah, ilikubaliwa; ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudu. Lakini binti yetu aliangalia mlango wa msikiti, akaangalia mkeka wetu wa mchangani, akauliza: “Mama, sisi tukikua tutaingia?” Hakuna aliyekuwa na jibu jepesi la kumpa. Mtoto wa kike anayekulia mahali ambapo Waislamu ni wachache huuhesabu kila msikiti anaouona njiani kuwa ni nyumba yake. Akikuta mlango wa nyumba yake haumhusu, atalibeba hilo kwa miaka mingi kuliko tunavyodhani.

Tuliingia kisiwani Alasiri imekwisha kusogea. Mji wa Kale tuliutembea kwa miguu kuanzia Ngome, tukishika Ndia Kuu, polepole kwa ajili ya magoti ya mama mkwe. Ngome ya Yesu, kama wengi mnavyojua, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watoto wa kiume walikwenda mbio kwenye mizinga. Sisi tulimwonyesha binti kisima kilichomo ndani na birika la kukusanyia maji ya mvua, tukamsimulia habari za mzingiro mkubwa. Waomani waliizingira ngome ile kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo na Waswahili waliokimbilia humo, wake kwa waume, pamoja na watoto. Maradhi na njaa viliwamaliza wengi kuliko risasi. Binti alitaka kujua kina mama wale waliwaogeshaje watoto wao. Ni swali ambalo halikuandikwa kwenye kibao chochote, nalo ndilo lililomfanya aione ngome kuwa mahali walipoishi watu.

Kutoka hapo tulipita Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake mweupe uliochongoka, unaosemekana kuwa ulijengwa mwaka 1570. Tuliwakumbusha watoto habari za visima vya Ibn Battuta, wakaanza kutafuta kila palipo na maji: bomba la mtaani, mtungi wa maji ya kunywa uliowekwa barazani kwa ajili ya wapita njia, kijana mwenye mkokoteni wa madebe ya maji. Tuliwaambia pia kwamba sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka Chemchemi ya Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambayo hulishwa na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu. Vilima hivyo wanavijua. Huviona upeoni siku za anga safi wakiwa Loitokitok. Maji nayo, kumbe, yamesafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka bara, yakaja kumtawadhisha mtu wa kisiwani.

Magharibi ilipokaribia tukarudi kwenye shida ile ile. Misikiti kadhaa ya Mombasa siku hizi ina sehemu nzuri za wanawake, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliozijenga. Lakini ndani ya vichochoro tulimokuwa, misikiti ni ya kale na ni midogo. Tulimuuliza muuza duka. Hakutuelekeza barabarani; alivuka kichochoro, akagonga mlango wa nakshi ulio mkabala, akaita, “Bibi, kuna wageni wa kike wanataka kusali.” Sauti ikajibu kutoka ndani kabla hatujapiga hodi: “Wapite, mlango u wazi.”

Bibi mwenye nyumba alikuwa wa makamo ya mama mkwe, pengine na zaidi. Hakuuliza tunatoka wapi mpaka tulipomaliza kusali. Alituonyesha choo chenye birika la saruji na kata ya kutekea, akatoa kiti kwa ajili ya mwenye magoti, akatandika miswala chumba cha ndani. Kisha ikaja kahawa chungu, halua, na kaimati kwa watoto. Tulipomshukuru kwa maji yake alisema, “Maji si yangu, wanangu. Yangu ni ndoo tu.” Alitueleza kwamba alipoolewa katika nyumba ile, chumba kile hakikukosa wageni: wake wa manahodha, wanawake wa Lamu na Siyu waliongoja chombo cha kurudi kwao, na mabibi arusi waliokuja kununua nguo. Wanaume walipokelewa barazani na msikitini. Wanawake walipokelewa humu ndani. Sasa, alisema, nyumba ya kulia ni ghala la bidhaa, ya kushoto ni chumba cha watalii, na ile ya pembeni imeanguka paa na wenyewe wako ng'ambo.

Maneno ya bibi yule yalitufungulia jambo ambalo tungependa mlitafakari pamoja nasi. Husemwa mara nyingi kwamba misikiti ya kale ya pwani haikuwajali wanawake, kwa kuwa haikujengewa sehemu yao. Usemi huo unautazama msikiti peke yake, ukaziacha nyumba zilizouzunguka. Katika mtaa wa Kiswahili msikiti na nyumba vilikuwa kitu kimoja chenye milango mingi. Mwanamke wa mtaa alikuwa hatua kumi kutoka adhana, na mwanamke msafiri alikuwa hatua kumi kutoka mlango wa mwanamke mwenzake. Nyumba ilikuwa na daka la kuketisha wageni, ukumbi, na chumba cha ndani ambamo mgeni wa kike alivua buibui akapumua. Mpango ulitimia kwa sababu nyumba zilikaliwa na wenye milango walikuwapo.

Leo msikiti umebaki, na nyumba zinaondoka moja baada ya moja. Nyingine zimekuwa maduka, nyingine ghala, nyingine zimepangishwa wageni wa wiki moja, nyingine zinabomoka huku warithi wakizozana. Hapo ndipo hasara ya Mji wa Kale ilipo kubwa kuliko lipu inayobanduka na roshani inayooza. Lipu huweza kupakwa upya. Nyumba ikikosa mtu wa kusema “wapite,” nusu ya ule ukarimu aliousimulia Ibn Battuta imekwenda, nayo ni nusu iliyokuwa mikononi mwa wanawake. Mwanamume msafiri bado anakuta maji yake mlangoni kama mwaka ule wa 1331. Mkewe anabaki garini.

Wapo watakaosema kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa sala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora kwake. Ni kweli, na hatulipingi. Lakini huyu yuko safarini. Nyumba yake ameiacha kilomita 300 nyuma. Na ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyewakataza watu kuwazuia wanawake kwenda misikitini. Msafiri, mwana wa njia, ametajwa katika Suratut-Tawba miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, na hapo haikusemwa kuwa awe mwanamume. Wapo pia watakaosema kwamba misikiti ya kale haina nafasi, na kuta zake haziruhusiwi kuguswa kwa sababu ya hifadhi. Nao wana haki. Ndiyo maana hatuombi ukuta wowote wa kale ubomolewe.

Tunachoomba ni kidogo, na kamati nyingi za misikiti zinaweza kukitimiza kabla ya Ramadhani. Kwanza, chumba kimoja cha chini katika nyumba iliyo jirani na msikiti, kiwekwe wakfu au kikodiwe kwa mchango wa mtaa, kitandikwe mikeka na kuwekewa viti viwili kwa ajili ya wazee. Pili, choo na bomba lenye mlango wake, komeo lake kwa ndani, ndoano ya kutundikia buibui na mahali pakavu pa kumlaza mtoto. Tatu, kibao kinachosomeka kutoka barabarani, maana mgeni hawezi kuuliza kila duka huku wakati wa sala unapita. Nne, na hili ndilo linalosahauliwa, mtu mwenye ufunguo anayejulikana. Tumeona vyumba vya wanawake vilivyojengwa kwa fedha nyingi, vimefungwa kufuli, na hakuna ajuaye ufunguo uko kwa nani. Misikiti ya barabarani, yenye viwanja vipana, haina hata udhuru wa nafasi.

Na fedha? Mwislamu haulizwi afanye asilolijua. Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mamake alitaka kumtolea sadaka iliyo bora, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwenye maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mama yule. Na Bi Zubeida, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, jina lake halikubaki kwa ajili ya kasri za Baghdad. Limebaki kwa ajili ya mabirika na visima alivyowajengea mahujaji katika njia ya Kufa hadi Makka, na mfereji aliouleta maji Makka yenyewe. Mwanamke mmoja aliifikiria kiu ya wasafiri asiowajua. Sisi tunaofanya mchango wa arusi wa kuvaa leso sare tutashindwa na bomba moja na mlango wenye komeo? Mwenye mama aliyetangulia mbele ya haki na amtafakari Saad.

Tukumbuke pia kwamba mji huu umewahi kujisahihisha kwa kalamu yake wenyewe. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha hapa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu wa pwani juu ya elimu na mwenendo wao bila ya kuwatukana na bila ya kuwabembeleza. Majarida ya familia kama hili letu yametokana na mlango alioufungua. Kwa hiyo tukilisema hili, halisemwi kwa kuwaaibisha wenyeji, bali kwa kuwakumbusha walilokuwa nalo.

Nasi wa bara hatukujitoa katika ukumbusho huu. Mgeni wa pwani anayepanda Loitokitok hukuta kero yake mwenyewe: maji ya mlimani alfajiri ni baridi ya kukata mfupa. Tuliporudi, wanawake wa mtaa wetu tulikubaliana kwamba nyumba yetu na nyingine mbili zilizo karibu na msikiti zitakuwa milango ya wasafiri wa kike. Kila nyumba imetenga miswala, jilbabu mbili safi, na birika la maji ya moto. Mwadhini anajua nyumba zenyewe, na muuza duka aliye mbele ya msikiti, ambaye ni Mkristo, naye anazijua, huwaelekeza wageni bila ya kuombwa. Halikugharimu zaidi ya bei ya mabirika.

Kwa familia zitakazosafiri likizo hii, haya ndiyo tunayowashauri. Msiifanye Mombasa kuwa mahali pa kupiga picha ngomeni kisha kuondoka. Fikeni mapema, muwe na saa tatu za mchana. Waambieni watoto habari za Ibn Battuta kabla ya kufika, kisha waacheni wavitafute visima wenyewe. Waingizeni ngomeni na muwaulize watu waliishije humo. Wapitisheni Marikiti, wakaone nyanya na vitunguu vya Loitokitok vilivyoshuka kwa lori usiku. Mtoto wetu wa kiume alisimama mbele ya tenga la nyanya kama aliyekutana na jirani yake. Kisiwa ambacho Ibn Battuta alikikuta kikiletewa nafaka bado kinalishwa na wakulima wa mbali, na mwana wa mkulima na alijue hilo kwa fahari. Kuleni mbaazi kwa mahamri asubuhi kabla ya kuendelea na njia.

Na zaidi ya yote, tafuteni mlango wa mwenyeji. Kama mna jamaa Mombasa, hata wa mbali, msipite bila ya kubisha hodi. Silaturahimu haihitaji mwaliko. Pelekeni kitu cha shambani, maharage kilo mbili, asali ya kwenu. Mkipokelewa, waacheni mabinti wawasikilize mabibi. Mambo tuliyoyaandika hapa hatukuyapata katika kibao cha makumbusho. Tuliyasikia tukiwa tumekunja miguu juu ya mkeka, katika chumba ambacho pengine miaka kumi ijayo kitakuwa ghala.

Kwenu nyinyi wenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnapozungumzia kuuhifadhi mji, hesabuni pamoja na milango ya nakshi wale wanaoifungua. Nyumba inayouzwa leo kwa bei nzuri huenda ilikuwa ndiyo chumba pekee cha sala kwa wanawake wa njia nzima. Kabla ya kutia saini, ulizaneni katika familia kama chumba kimoja cha chini kinaweza kubaki wakfu. Na mnapochagua kamati ya msikiti, waulizeni wagombea swali lililoulizwa na binti wa miaka tisa chini ya mwarobaini.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote, awape wenyeji wao moyo mkunjufu, na amlipe kheri kila mwenye kuweka maji mlangoni, kwa waume na kwa wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.